Tom Mboya: Bwana afya aliyewaketisha mwajiri na mfanyakazi meza moja

MKULIMA anayeajiri wachumaji wa majani chai, au mwenye duka aliye na kijana mmoja wa kupakua mizigo, huenda hajui kwamba nyingi za taratibu za kazi zinazofuatwa nchini Kenya hadi leo zilianzia katika karatasi iliyotiwa saini tarehe 15 Oktoba 1962. Aliyezisukuma pande zote hadi zikakubali alikuwa Waziri wa Leba, Thomas Joseph Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 32 tu.

Wengi humkumbuka Mboya kwa ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani, na kwa risasi zilizomuua mchana katikati ya jiji. Lakini kazi aliyoianza kabla ya kuingia katika siasa ilikuwa ya mishahara: nani aipange, imtoshe nani, na watu wakikosana juu yake waende kwa nani.

Mtoto wa shamba la mkonge

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, kutafuta kazi, na alikuwa nyapara katika shamba hilo. Mtoto huyo alikua miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, akajua Kikamba na Kiswahili sawasawa na lugha ya wazazi wake. Jambo hilo lilimfaa sana baadaye, maana mgomo hauna kabila.

Alisoma shule za misheni za Kabaa huko Ukambani, Yala huko Nyanza, na hatimaye Mang'u. Karo ilipokuwa mzigo kwa familia, aliacha ndoto ya kuendelea na masomo, na mwaka 1948 akajiunga na mafunzo ya mabwana afya huko Kabete. Mwaka 1951 Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri.

Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulisahau. Yeye na wenzake Waafrika walikagua maduka, hoteli na maziwa kama walivyofanya wakaguzi Wazungu. Kazi ilikuwa ile ile, lakini mshahara wa Mwafrika ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, mwanamke wa Kizungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Badala ya kunung'unika pembeni, alianza kuwaandikisha wafanyakazi wenzake. Chama kidogo cha watumishi wa baraza kikageuka kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa nchini, naye akawa katibu wake. Mwaka 1953 kazi yake katika baraza ilikwisha, na mwezi Septemba mwaka huo alichaguliwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo baadaye liliitwa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya (KFL). Alikuwa na miaka 23.

Shamba la mama lilivyolipia mshahara

Ili kuelewa alichokuwa akipigania, ni lazima mtu aelewe jinsi mshahara wa Mwafrika ulivyopigiwa hesabu enzi za mkoloni. Kima cha chini kilipangwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilihesabiwa unga wake, nguo zake, sabuni yake, kuni zake na mahali pa kulaza ubavu. Basi.

Na kama ana familia? Jibu la waajiri lilikuwa kwamba mke na watoto wako kijijini, na huko kuna shamba. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyelima mahindi na maharage Nyanza, Ukambani au nchi ya Waluhya ndiye aliyekuwa akijazia mshahara ambao mwajiri wa mjini, au mwenye shamba kubwa la mkonge na kahawa, hakutaka kuulipa. Mkulima mdogo alikuwa akimfadhili tajiri bila kujua.

Mpango huo haukumfaidi hata mwajiri mwenyewe. Mfanyakazi alikaa miezi michache, akarudi nyumbani kupanda au kuvuna, na mwingine asiyejua kazi akachukua nafasi yake. Ujuzi haukujengeka. Waajiri walilalamika kwamba Mwafrika ni mvivu na hatulii, ilhali mshahara wenyewe ndio uliomzuia kutulia.

Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Kamishna wa Leba, F. W. Carpenter, ilikiri jambo hilo. Ilipendekeza kima cha chini kipande kidogo kidogo kwa muda wa miaka kama 10, hadi kimtoshe mtu na familia yake. Serikali ilikubali sehemu tu ya mapendekezo hayo. Mboya na shirikisho lake wakaishika hoja hiyo, wakairudia kila walipokutana na waajiri.

Haikuwa rahisi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Aprili 1954 askari waliizunguka Nairobi katika msako uliowapeleka zaidi ya watu 20,000 kizuizini, wakiwemo viongozi na wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka uliotangulia. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi kwa Mwafrika kusema kwa sauti, na Mboya alijua kwamba kosa moja lingeufunga.

Bandari ya Mombasa

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 1955. Maelfu ya wachukuzi wa bandari ya Mombasa waliweka mizigo chini. Kila mfanyabiashara anajua maana ya bandari kusimama: pamba na kahawa hazitoki, nguo na mafuta ya taa hayaingii, na kila siku inayopita ni hasara.

Mboya alishuka Mombasa. Aliwaendea waajiri, akarudi kwa wachukuzi, akaenda tena. Hatimaye walifikia makubaliano: wachukuzi warudi kazini, na madai yao yapelekwe mbele ya baraza la usuluhishi ambalo uamuzi wake utaheshimiwa na wote. Walirudi. Baraza lilipomaliza kazi yake liliwapa nyongeza ya asilimia 33.

Jambo hilo lilimpa sifa nchi nzima, lakini pia lilimfundisha somo. Nyongeza ile ilitolewa na mtu wa tatu ambaye pande zote mbili zilikubali kumsikiliza. Mgomo ulifungua mlango, lakini hesabu iliyowekwa mezani ndiyo iliyoleta pesa. Mwaka huo huo alifika Dar es Salaam kuwashauri viongozi wa wafanyakazi wa Tanganyika, ambao waliunda shirikisho lao, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu.

Baadaye mwaka 1955 alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, akasoma kwa mwaka mmoja habari za uhusiano wa waajiri na wafanyakazi. Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, akashinda. Tangu hapo siasa ikamchukua: mkutano wa Accra wa mwaka 1958 ambao aliuongoza, ndege ya wanafunzi 81 ya mwaka 1959, na ukatibu mkuu wa KANU mwaka 1960. Wapinzani wake walimlaumu kwa kupokea fedha za vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Fedha hizo zilisaidia kujenga Solidarity House, jumba la wafanyakazi lililoko Gikomba, Nairobi.

Waziri aliyetoka kwenye migomo

Aprili 1962, serikali ya mseto ya KANU na KADU ilipoundwa, Mboya alipewa Wizara ya Leba. Aliikuta nchi imewaka moto wa migomo. Mwaka huo ilihesabiwa zaidi ya 200. Uhuru ulikuwa unakaribia, na wafanyakazi wengi waliona kwamba wakati wa kudai ni huo. Waajiri nao walikuwa na hofu, na baadhi yao walikuwa wakihamisha mitaji yao nje.

Mashamba makubwa ya kahawa, majani chai na mkonge yalikuwa miongoni mwa yaliyoguswa na migomo ya miaka hiyo. Kahawa iliyoiva haimngoji mtu; wachumaji wakikaa chini wiki moja, buni huanguka, na anayepoteza si mwenye shamba pekee, bali pia kibarua ambaye mwaka ujao hataitwa.

Mboya angeweza kutumia polisi, kama wakoloni walivyofanya. Angeweza pia kuwaachia wenzake wa zamani wagome wapendavyo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwaita Shirikisho la Waajiri (FKE) na KFL, akakaa nao kwa miezi kadhaa, na tarehe 15 Oktoba 1962 serikali, waajiri na wafanyakazi wakatia saini Mkataba wa Uhusiano Kazini.

Mwajiri aliahidi kukitambua chama kilichochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na kutomwonea mtu kwa sababu ni mwanachama. Chama kiliahidi kutoitisha mgomo kabla ya kumaliza hatua za mazungumzo, na kutowatisha wasiotaka kujiunga. Mzozo ukishindikana kazini, utapelekwa kwa wasuluhishi wa pande zote. Mkataba huo haukuwa sheria. Ulikuwa ahadi, na nguvu yake ilitoka kwa wale waliouandika.

Migomo haikuisha siku ya pili yake. Lakini palikuwa sasa na njia inayojulikana. Mwaka 1963 vyama vya wafanyakazi wa mashambani viliungana kuwa kimoja, KPAWU, na hivyo mwenye shamba akawa na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Mwaka 1964 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mahakama ya Viwanda, na Saeed Cockar akawa jaji wake wa kwanza. Wakati huo Mboya alikuwa ameshaondoka Wizara ya Leba, lakini msingi ulikuwa wake.

Lawama hazikukosekana. Baadhi ya viongozi wa vyama walisema kwamba mtu aliyepanda kwa ngazi ya wafanyakazi sasa anaivuta ngazi juu. Walikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana kila hatua iliyoongezwa kabla ya mgomo ilimnyima mfanyakazi silaha ya haraka aliyokuwa nayo. Mboya kwa upande wake aliona kwamba wenye mishahara ni wachache, na wakulima na wasio na kazi ndio wengi. Hesabu ya mshahara ilipaswa kuwakumbuka nao pia.

Mzigo huo ulionekana wazi mwaka 1964, serikali, waajiri na vyama vilipokubaliana kwamba kampuni ziongeze wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, huku vyama vikiacha madai ya nyongeza na migomo kwa mwaka mmoja. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Mboya alisimamia waraka wa serikali nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulisifiwa kwa kutia moyo biashara na kilimo, lakini hadi leo unalaumiwa kwa kuelekeza fedha katika sehemu zenye rutuba na kuziacha nyingine nyuma.

Jumamosi ya risasi

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye Barabara ya Serikali, ambayo sasa ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikufa akiwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia, akahukumiwa kunyongwa. Swali la nani aliyemtuma halikujibiwa. Mboya alizikwa Rusinga. Sanamu yake ilisimamishwa karibu na mahali alipouawa mwaka 2011.

Mengi ya yale aliyoanza yamekuwa sheria kamili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, jambo ambalo bwana afya wa mwaka 1951 alinyimwa. Inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe katika mkataba, na kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi asiendelee kuhesabiwa kama mtu wa kutwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na Mahakama ya Viwanda imekuwa mahakama yenye hadhi ya Mahakama Kuu.

Mwenye ekari chache za kahawa anayewaita majirani wanne kuchuma yumo ndani ya sheria hiyo kama mwenye kampuni ya chai. Daftari la majina, siku zilizofanywa na pesa zilizolipwa si kazi ya karani wa mjini tu. Siku ya mzozo, hilo ndilo shahidi wa mwajiri na wa kibarua.

Jambo moja bado halijakamilika. Kima cha chini cha mashambani kimepangwa kwa orodha ya peke yake, na kwa miaka mingi kimekuwa chini ya kile cha mijini, kwa hoja ile ile kwamba wa shambani ana mahali pa kupata chakula. Kibarua anayekodi chumba karibu na shamba la mwenziwe, ananunua unga dukani na kulipa karo, bado anasubiri hesabu inayomtaja mke na watoto wake.