Habib Saleh na Chuo cha Riyadha

Kila mwaka wanachama huuliza kwa nini mjumbe wa kamati ya shule hapewi posho. Badala ya kujibu kwa hesabu, tumeona vema kuwakumbusha wazee wetu maisha ya marehemu Habib Saleh bin Alawi Jamalilail.

Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Lakini wahenga wake, walipotoka Hadhramaut, walikaa kwanza Pate, kisiwa hiki hiki chenye bandari yetu ya Mtangawanda. Kwa hiyo hatumhesabu mgeni. Alihamia Lamu angali kijana, akafikia kwa ami yake. Huko aliwasomesha watumwa na maskini, watu ambao wakubwa wa mji hawakuridhia waketi darasani. Utumwa katika mwambao wa Kenya haukukomeshwa mpaka 1907. Basi na tupime uzito wa jambo hilo. Alilaumiwa sana, hata kwa matari aliyoyaingiza katika maulidi. Hakuacha. Alijitenga pembeni mwa mji, upande wa Langoni, na huko mwanzoni mwa karne ya 20 Riyadha ikasimama, msikiti na chuo pamoja, wala maskini hakurudishwa mlangoni kwa kukosa ada.

Alifariki katika miaka ya 1930, na wanawe wakaushika usimamizi.

Kila Mfungo Sita vyombo hutoka hapa Mtangawanda, vikapita Mkanda kupeleka watu kwenye maulidi ya Riyadha. Wajumbe wa kamati wamo, na nauli hujilipia wenyewe.