SEWA HAJI WA BAGAMOYO

Ndugu msomaji, umewahi kutibiwa Muhimbili? Hospitali ile ilianza mwaka 1897 kwa fedha za Sewa Haji, tajiri Mhindi wa Bagamoyo, jirani zetu sisi wa Mbegani.

Sewa Haji alitajirika kwa kuandaa misafara ya bara. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na wengi walifia njiani. Hilo tusilisahau.

Lakini alipotoa jengo la shule Bagamoyo, aliweka sharti: watoto wa kila rangi wapokelewe. Huko Dar es Salaam Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji.

Alikufa mwaka huo huo wa 1897. Kwa wosia aliacha majumba, ili mapato yake yawalishe na kuwavisha wagonjwa na wenye ukoma, watu ambao wengi waliogopa hata kuwakaribia.