Plinius na Mlima wa Moto

Plinius alikuwa Mrumi, naye alizaliwa katika mji uitwao sasa Como, kaskazini ya Italia, yapata mwaka 23 baada ya Kristo. Katika ujana wake alikuwa askari wa farasi katika nchi ya Ujerumani. Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ni kujifunza. Hata wakati wa chakula alisomewa kitabu. Aliandika habari za nyota, wanyama, miti na mawe, zikawa vitabu 37.

Mwaka 79 alikuwa mkuu wa merikebu za vita katika bandari ya Misenum. Siku moja, yapata saa saba mchana, dada yake alimwonyesha wingu la ajabu, limesimama kama mti wenye shina refu na matawi juu. Lilitoka katika mlima Vesuvius, ng'ambo ya ghuba. Plinius akaamuru chombo chepesi kitengenezwe, apate kulitazama kwa karibu. Akamwalika mpwa wake, kijana wa miaka 17, lakini yeye akachagua kubaki na masomo yake.

Alipokuwa akitoka akapokea barua ya mwanamke mmoja aliyekaa chini ya mlima, akimwomba amwokoe, maana hapakuwa na njia ila kwa bahari. Basi safari ya kutazama ikawa safari ya kuokoa. Akashusha merikebu kubwa za makasia, akaelekea kule ambako wengine walikuwa wakikimbia. Majivu ya moto na mawe mepesi yakawaangukia. Mshika usukani akashauri warudi, Plinius akakataa. Na kwa kuwa pwani ile ilikuwa imezibwa, akaenda Stabiae kwa rafiki yake. Huko akaoga, akala, akalala, ili wenye hofu watulie.

Usiku nyumba zikatikisika, ua ukajaa majivu. Wakajifunga mito vichwani, wakashuka pwani; lakini bahari ilikuwa imechafuka, haikupitika. Plinius akajinyosha juu ya tanga, akaomba maji. Moto na harufu ya kiberiti vilipokaribia, wengine wakakimbia. Yeye akainuka, akishikwa na watumwa wawili, akaanguka, akafa. Mwanga uliporudi siku ya tatu, alionekana kama mtu aliyelala usingizi.

Miji ya Pompeii na Herculaneum ilifukiwa pamoja na watu wengi. Tangu hapo milima mingine imelipuka kwa nguvu zaidi, kama Tambora mwaka 1815. Lakini habari za Vesuvius twazijua kwa barua alizoandika yule mpwa baadaye, na hata leo wataalamu huuita mlipuko wenye wingu refu namna ile kwa jina la Plinius.