Papa Simon Kimbangu, baba wa nyumba



Tunapotaja jina la Papa Simon Kimbangu, mara nyingi tunataja miujiza: vipofu, viwete, wagonjwa waliobebwa mpaka Nkamba. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini leo tuangalie upande mwingine wa maisha yake, ule ambao kila mwanamume mwenye bibi na watoto anaweza kuufuata bila kufanya muujiza. Papa Simon alikuwa baba wa nyumba.

Alizaliwa Nkamba, katika Bas-Congo, tarehe 12 mwezi wa tisa 1887. Wazazi wake, Kuyela na Luezi, walikufa yeye akiwa bado mtoto, na Mama Kinzembo wa jamaa yake akamlea. Kwa hiyo alijua maisha ya yatima. Alipokuwa mkubwa akamwoa Mama Muilu Marie. Tarehe 4 mwezi wa saba 1915 wote wawili wakabatizwa katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Tazameni hapo, enyi wanaume: hakwenda kwa Mungu peke yake na kumwacha bibi nyuma. Mungu akawapa wana watatu: Kisolokele mwaka wa 1914, Dialungana mwaka wa 1916, na Diangienda mwaka wa 1918.

Mwaka ule wa 1918 Bwana akamwita achunge kondoo wake. Papa Simon akaogopa, akaenda Léopoldville kutafuta kazi, lakini wito ukamfuata hata kule. Akarudi kwao. Tarehe 6 mwezi wa nne 1921, kule Ngombe-Kinsuka, akamwekea mikono mwanamke mgonjwa, Nkiantondo, akapona. Tangu siku hiyo watu wakajaa Nkamba. Alifundisha waache sanamu na uchawi, waache ngoma za uchafu, na mwanamume awe na bibi mmoja.

Serikali ya Wabelgiji ikaogopa. Tarehe 6 mwezi wa sita administrateur Morel alifika na askari kumkamata, lakini Papa Simon akawaponyoka. Miezi mitatu walimtafuta bure. Tarehe 12 mwezi wa tisa akarudi Nkamba kwa mapenzi yake mwenyewe, akajitoa mikononi mwao. Kazi yake mbele ya watu ilikuwa imedumu miezi mitano tu.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921, kule Thysville, baraza la askari lilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta mbali, huku kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Hapo alikaa miaka 30. Alikufa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, hakuiona tena Nkamba.

Sasa tujiulize: nyumba yake ilibaki na nani? Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 7, mdogo miaka 3. Kwa hesabu ya watu, jamaa hiyo ilikuwa imekwisha. Lakini Mama Muilu hakuondoka. Alikaa Nkamba chini ya macho ya serikali, akamlea Dialungana, akawatia moyo waaminifu waliosali kwa siri. Kisolokele na Diangienda serikali iliwapeleka masomoni Boma. Ilifikiri elimu yake itawafanya wasahau baba yao. Hawakusahau. Diangienda alifanya kazi katika ofisi za serikali, na elimu hiyo hiyo ikamsaidia kudai uhuru wa Kanisa.

Uhuru huo ulikuja tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1959. Mama Muilu hakuuona kwa macho. Alikuwa amelala tarehe 27 mwezi wa nne mwaka ule ule. Mwaka wa 1960 wana wakarudisha mwili wa baba yao Nkamba. Kaka watatu wakafanya kazi pamoja, Diangienda akiwa kiongozi, na hakuna aliyejenga kanisa lake pembeni. Mwaka wa 1969 Kanisa letu lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Na tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 mwezi wa nne ni sikukuu ya nchi nzima.

Wapendwa, wengi wetu tuko mbali na nyumba zetu, kwa sababu ya machimbo, ya biashara au ya vita. Tunasema: nitatuma feza, inatosha. Papa Simon hakuwa na feza ya kutuma. Alichoacha nyumbani ni maombi, na bibi aliyeijua imani sawa na yeye. Hicho kilidumu miaka 30.

Tena tunajua machungu yetu. Baada ya mwaka wa 2001 Kanisa liligawanyika, na kuna jamaa ambamo ndugu wa tumbo moja hawasali tena pamoja. Wakoloni walimtenga baba na wana, hawakuweza kuivunja nyumba yake. Je, sisi tuivunje kwa mikono yetu? Anayemwita Simon Kimbangu papa, aanze leo kumsalimia ndugu yake.

Upendo, amri na kazi njema. Amina.