Nikolai Vavilov: Mkusanya mbegu aliyepita Uhabeshi, akafa kwa njaa

Mwanzoni mwa mwaka 1927, msafara wa nyumbu ulikatiza nyanda za juu za Uhabeshi, Ethiopia ya leo. Kiongozi wake, mgeni kutoka Urusi, alisimama mashambani na sokoni kutafuta mbegu: ngano, shayiri, dengu, adesi na njegere. Alikuwa Nikolai Ivanovich Vavilov, aliyepokewa Addis Ababa na Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887 katika familia ya mfanyabiashara aliyeinuka kutoka ufukara wa kijijini. Baada ya kuhitimu masomo ya kilimo, alikwenda Uingereza mwaka 1913 kujifunza kwa William Bateson, mmoja wa waasisi wa elimu ya urithi wa viumbe. Alirejea na swali moja: ni wapi duniani zilikofichika sifa ambazo zingeokoa mazao ya wakulima?

Mwaka 1920, akiwa profesa mjini Saratov, alitangaza kanuni iliyompa umaarufu. Mimea yenye nasaba ya karibu, alieleza, hubadilika kwa namna zinazofanana. Sifa iliyoonekana katika njegere yaweza kutafutwa kwa adesi au dengu, hata kama hakuna aliyewahi kuiona huko. Mwaka uliofuata alihamia Petrograd, baadaye Leningrad, na taasisi aliyoiongoza ikakusanya sampuli za mbegu zaidi ya 200,000 kutoka pembe nyingi za dunia.

Safari ya Uhabeshi ilimthibitishia kwamba nchi hiyo ni miongoni mwa vitovu vikuu vya mimea ya chakula. Hazina aliyoikuta ilikuwa mikononi mwa wakulima wa kawaida, waliochagua na kuhifadhi mbegu zao kizazi baada ya kizazi.

Nyumbani, hata hivyo, upepo ulikuwa umegeuka. Trofim Lysenko, aliyekana kuwepo kwa jeni na kuahidi mavuno ya haraka, alipata kibali cha Stalin. Vavilov alikataa kuikana sayansi yake. Alikamatwa mwezi Agosti 1940, akahukumiwa kifo mwaka uliofuata, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, mwili wake ukiwa umedhoofishwa na njaa.

Wakati huohuo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Wafanyakazi kadhaa wa taasisi yake walikufa kwa njaa huku wakilinda magunia ya mpunga, karanga na mbegu nyingine bila kuzila. Vavilov alisafishwa jina mwaka 1955, na baadaye taasisi hiyo ikapewa jina lake.

Leo umuhimu wa kazi yake unaonekana katika mimea ya jamii ya kunde iliyosahauliwa na masoko makubwa. Ethiopia hulima guaya, mmea unaostahimili ukame pale mazao mengine yanaponyauka. Lakini mbegu zake zina sumu. Maskini anayezila kwa wingi kwa miezi, hasa wakati wa njaa, anaweza kupooza miguu asipone tena.

Hapo ndipo ramani ya jeni inapohitajika. Watafiti huchanganya mimea miwili yenye sifa tofauti, kisha huchunguza vinasaba vya uzao wake ili kujua ni sehemu ipi ya kromosomu inayobeba sifa fulani, kama vile kiasi kidogo cha sumu. Sehemu hiyo ikijulikana, mche bora huweza kuchaguliwa ungali mchanga, bila kungoja mavuno.

Kazi kama hiyo imefika pia Nairobi. Mwaka 2023, watafiti wakiwemo wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko huko walichapisha mpangilio wa jenomu ya fiwi, ambayo Wakenya wengi huiita njahi.

Ramani hizo, hata hivyo, hazizalishi sifa mpya; huonyesha tu zilipo. Mbegu ya kienyeji ikipotea shambani na isiwepo ghalani, hakuna ramani itakayoirudisha. Hilo ndilo lililomfanya Vavilov atembee na nyumbu wake kutoka kijiji hadi kijiji.