Profesa Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa Aliyewasikiliza Wadudu

Aliyelala katika kijiji chochote cha pwani wakati wa mvua anazijua kelele za nyenje. Mmoja huanza mtini, wa pili humjibu, na punde kiunga kizima huwa ngoma. Wengi wetu hukasirika, tukajifunika shuka gubigubi na kuuomba usingizi uje. Ni wachache mno wanaojiuliza ni nani aimbaye, anamwimbia nani, na ni kitu gani ndani ya kiwiliwili kile kidogo kinachomtuma.

Mtu aliyeyatoa maisha yake kwa maswali ya namna hiyo ni Marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo. Wengi humhesabu kuwa mtu wa bara, na asili yake kweli ni Ujaluoni. Lakini alizaliwa Mombasa kwetu, tarehe 4 Februari 1931. Alisoma Maseno, akaendelea Makerere, kisha akafanya kazi ya kilimo nchini Uganda.

Mwaka wa 1959 alitoa maandishi yaliyowashangaza wajuzi. Alieleza habari za mdudu mmoja wa jamii ya kunguni, mwindaji wa wadudu wenziwe, ambaye dume lake ndilo linaloatamia ulinzi wa mayai. Katika wadudu wengi baba akishamaliza haja yake huenda zake. Huyu husimama zamu mpaka watoto watoke.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawa mwanafunzi wa Sir Vincent Wigglesworth, bingwa mkubwa wa elimu ya miili ya wadudu. Huko alimchunguza nzige wa jangwani, yule yule aliyetajwa katika Kurani miongoni mwa ishara zilizoletwa kwa Firauni. Alitazama tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige dume. Tezi hiyo ikiondolewa, dume halipevuki sawasawa, halipati rangi yake ya manjano, wala halina hamu ya jike. Basi mwito wa mapenzi huanzia ndani, katika maji machache yanayotiririka ndani ya damu.

Wadudu hawaiti kwa njia moja. Nyenje wa mitini dume ana ngozi mbili za ngoma tumboni mwake, na tumbo lenyewe li wazi ndani kama mzinga wa ngoma. Nyenje wa ardhini husugua mbawa zake. Panzi wengi husugua mguu kwenye ubawa. Kila kabila lina mdundo wake, na jike huufuata ule wa kabila lake. Mdundo ukibadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, watu wa ukoo mmoja huishia kutosikilizana, wakawa makabila mawili.

Tena wimbo una hatari yake, kwani asikiaye si mchumba peke yake. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, yuko nzi anayemfuata nyenje kwa sauti na kumtilia watoto wake wamle. Mwaka wa 2006 wachunguzi walieleza kuwa, katika vizazi vichache tu, madume wengi wa huko walikuwa wakizaliwa na mbawa zisizoweza kuimba. Waliokuwa bubu ndio waliosalimika.

Wadudu wengine hawana sauti kubwa. Wao huitana kwa harufu. Iwe sauti au harufu, mwito huo ni mlango wa kuzaana kwao, na ajuaye mlango anaweza kuufunga bila ya kumwaga sumu shambani. Elimu hii ndiyo Odhiambo aliyotaka ifanywe Afrika, na Waafrika wenyewe.

Alirejea Kenya mwaka wa 1965 akafundisha Nairobi. Wakati ule wengi waliona kuwa Afrika haina haja ya sayansi ya msingi. Itapewa dawa zilizokwisha kutengenezwa na wengine. Mwaka wa 1967 aliandika katika jarida la Science akitaka pawe na vituo vya utafiti vya hali ya juu katika Afrika Mashariki. Miongoni mwa walioitika ni Carl Djerassi, mkemia wa Marekani aliyeshiriki kuvumbua vidonge vya uzazi. Mwaka wa 1970 kikazaliwa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, huko Chiromo, jirani na Parklands, kikiwa hakina hata jengo lake lenyewe. Mabingwa wa nje kama Jerrold Meinwald, mjuzi wa kemia ya wadudu, waliongoza utafiti kwa kuja na kurudi, na vijana wakakaa wakifanya kazi.

Kituo kilikua. Kilipata makao Kasarani, mahali palipoitwa Duduville, na tawi Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Huko Nguruman watafiti wake walitengeneza mtego wa mbung'o wa kitambaa cha buluu, chambo chake mkojo wa ng'ombe, kitu ambacho mfugaji anacho zizini mwake.

Mwaka wa 1987 Odhiambo alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alikuwa pia rais wa kwanza wa Chuo cha Wanasayansi wa Afrika. Aliiongoza ICIPE mpaka mwaka wa 1994, na akafariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003.

Kituo chake kingalipo, na vijana wa Kiafrika wangali wanapatia humo shahada zao. Na nyenje nao wangali wanaimba. Usiku wa leo wakikukatizia usingizi, msomaji, usiwatukane. Tega sikio kidogo: huenda ni kilio cha mchumba, na mwenzetu wa Mombasa alikwisha kutuonyesha kuwa ndani ya kilio hicho mna elimu.