Mahalia Jackson: Mwimbaji na Mji Wake wa Chicago

Kando ya Ziwa Michigan, katika mji wa Chicago nchini Marekani, upo uwanja mkubwa uitwao Soldier Field, maana yake Uwanja wa Askari. Ulipewa jina hilo mwaka 1925 kwa heshima ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jumapili ya tarehe 10 Julai 1966, siku ya joto kali, maelfu ya watu walikusanyika humo. Hawakwenda kutazama mpira wala gwaride. Walikwenda kudai haki ya kupanga na kununua nyumba mahali popote mjini bila kuulizwa rangi ya ngozi zao. Miongoni mwa waliopanda jukwaani kuimba alikuwamo mama wa umri wa miaka 54, ambaye afya yake ilikuwa imekwisha dhoofishwa na maradhi ya moyo. Huyo ndiye Bibi Mahalia Jackson.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaovaa sare za jeshi na za polisi, leo tunawaletea maisha ya mama huyo. Yeye hakushika bunduki wala hakupata kuvaa kofia ya askari. Hata hivyo maisha yake yaligusana na kazi ya askari mara nyingi, mara nyingine kwa heri na mara nyingine kwa uchungu, nasi twaona yafaa yasomwe kambini na kituoni.

Bibi Mahalia alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1911 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa akipakua mizigo bandarini, akinyoa watu nywele, na siku ya Jumapili akihubiri kanisani. Mama yake alifariki binti huyo akiwa mdogo sana, naye akalelewa na dada wa mama yake aliyekuwa mkali kama sajini wa makuruta. Nyumba ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Mtoto alisugua sakafu, akafua nguo, na shule akaiacha mapema. Furaha yake ilikuwa kanisani, alikoimba katika kwaya tangu utotoni.

Mwaka 1927 alihamia Chicago kwa jamaa zake. Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Miaka ile Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakiihama kusini, wakikimbia ubaguzi na umaskini, na kutafuta kazi katika viwanda vya kaskazini. Mwaka 1910 Weusi wa Chicago walikuwa karibu 44,000. Kufika mwaka 1930 walikuwa karibu 234,000. Lakini mji uliowahitaji viwandani haukutaka kuwapa mahali pa kulala. Walisongamana katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini, wakilipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Nje ya ukanda huo palikuwa na mikataba iliyowakataza wenye nyumba kumwuzia mtu mweusi. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili la nyumba, kwa kuwa ndilo shina la habari yetu.

Bibi Mahalia alijiunga na kanisa la Greater Salem Baptist. Akafanya kazi za kufua na kutumika katika nyumba za watu, na wakati wa jioni akiimba pamoja na kikundi cha vijana wa mchungaji wake. Kikundi hicho kilikwenda kanisa hadi kanisa, mara nyingi penye vyumba vidogo vilivyokuwa maduka hapo kwanza. Makanisa makubwa hayakumpenda. Wazee wake walizoea nyimbo za taratibu zilizoandikwa kwa nota, naye aliimba kwa mwili mzima, akipiga makofi na kutembea. Walisema kwamba ni fujo. Yeye alishika njia yake, wala hakuwatukana.

Katika miaka hiyo alikutana na Bwana Thomas A. Dorsey, mpiga piano aliyekuwa ameacha muziki wa bluzi wa vilabuni na kutunga nyimbo za Injili. Bwana Dorsey alitunga, Bibi Mahalia akaimba, na karatasi za nyimbo zikauzwa kwa senti chache. Walisafiri pamoja kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo Chicago ilivyokuwa kitovu cha nyimbo za Injili za namna mpya. Nyimbo hizo zilikua hadharani, katika mikutano ya makanisa, maziko, harambee za kulipa kodi ya jengo, na mikutano ya siasa. Bibi Mahalia aliimba pia katika kampeni za Bwana William Dawson, Mmarekani Mweusi aliyepigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa ofisa, na ambaye mwaka 1942 alichaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani.

Mwaka 1936 aliolewa na Bwana Isaac Hockenhull. Wakati huo dunia ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Mumewe alimhimiza aache nyimbo za kanisa, aimbe katika michezo ya kuigiza na vilabu ambako fedha zilikuwapo. Bibi Mahalia alijaribiwa katika mchezo mmoja, akakubaliwa, kisha akaikataa nafasi hiyo alipopata habari kwamba mumewe amepata kazi. Ndoa yenyewe haikudumu. Lakini tangu hapo hakuna fedha iliyomshawishi kuimba penye pombe. Badala yake alijifunza kazi ya kutengeneza nywele, akafungua saluni, halafu duka la maua, akanunua na nyumba za kupangisha. Akiba haiozi, walisema wahenga. Askari anayengoja mwisho wa mwezi kwa kukopa dukani ana la kujifunza hapa. Yule aliyekuwa na riziki yake mwenyewe ndiye aliyeweza kusema hapana.

Mwaka 1947 alirekodi wimbo wa Move On Up a Little Higher. Santuri hiyo iliuzwa kwa zaidi ya milioni moja, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea katika nyimbo za Injili. Mwaka 1950 aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall huko New York. Mwaka 1954 alipewa kipindi chake cha redio. Akafika Ulaya, na watu wasiojua lugha yake wakamshangilia.

Basi ikaja nyumba. Mwaka 1956 Bibi Mahalia, sasa mwenye jina na fedha, alinunua nyumba ya matofali katika mtaa wa Chatham uliokuwa ukikaliwa na Wazungu. Wale waliokuwa na santuri zake hawakutaka awe jirani yao. Simu za vitisho zililia, na risasi zikapigwa madirishani. Meya wa Chicago, Bwana Richard J. Daley, aliamuru polisi wailinde nyumba hiyo, nao wakakaa zamu mlangoni kwa muda mrefu. Hatuna majina ya polisi hao. Yawezekana wengine wao walikuwa na mawazo yaleyale ya majirani. Lakini amri ilikuwa kumlinda raia, nao wakamlinda, akabaki hai. Hiyo ndiyo heshima ya sare.

Mwaka huohuo alikuwa amefahamiana na Dakta Martin Luther King na mwenzake, mchungaji Ralph Abernathy. Mwezi Desemba alikwenda Montgomery, jimbo la Alabama, kuwaimbia watu waliokuwa wamegomea mabasi ya kibaguzi kwa muda wa mwaka mzima. Alilala nyumbani kwa mchungaji Abernathy, na wiki chache baada ya kuondoka kwake, mwezi Januari 1957, nyumba hiyo ilipigwa bomu. Hakurudi nyuma. Mwaka 1963 alisaidia kuandaa tamasha kubwa mjini Chicago la kuchangisha fedha za harakati hizo, na tarehe 28 Agosti mwaka huo aliimba mjini Washington mbele ya watu wapatao 250,000, muda mfupi kabla ya Dakta King kutoa hotuba yake mashuhuri.

Sisi tuliopita katika shule ya makadeti tunaijua kazi ya wimbo. Katika mwendo wa usiku, miguu inapochubuka na mkoba kuwa mzito, mtu mmoja huanza kuimba, na kikosi kizima kikapata pumzi. Wimbo hauondoi mzigo. Huwafanya watu waubebe pamoja. Bibi Mahalia aliwafanyia waandamanaji kazi hiyo.

Twarudi sasa kwenye uwanja tuliouanza. Mwezi Januari 1966 Dakta King alihamia katika nyumba mbovu ya kupanga upande wa magharibi wa Chicago ili kuonyesha namna Weusi wa kaskazini walivyoishi. Madai yake yalielekezwa kwa Meya Daley. Hapo Bibi Mahalia alijikuta penye njia panda. Meya alikuwa rafiki yake, tena ndiye aliyempa ulinzi nyumba yake ilipopigwa risasi. Upande wa pili alikuwapo Dakta King, na watu waliobanwa katika vyumba vilevile alivyovijua tangu ujana wake. Kumwacha mfadhili ni aibu, na kuwaacha watu wako ni aibu kubwa zaidi. Alipanda jukwaani Soldier Field akaimba. Baada ya mkutano Dakta King aliongoza maandamano mpaka ofisi ya jiji, akabandika madai yao mlangoni. Bibi Mahalia hakumtukana Meya, wala hakukana wema wake. Alikataa tu kuulipa wema huo kwa kunyamaza.

Yaliyofuata yawahusu sana polisi. Siku mbili baadaye, katika joto lile, polisi walifunga mabomba ya zimamoto ambayo watoto wa upande wa magharibi walikuwa wameyafungua wapate kuoga barabarani. Amri ilikuwa halali, lakini katika mitaa mingine mabomba hayakuguswa, na watu walilijua hilo. Ghasia zikazuka, watu wakafa, na maelfu ya askari wa ulinzi wa jimbo wakaitwa kurudisha amani. Jambo la maji ya watoto likawa kazi ya jeshi. Kisha tarehe 5 Agosti, Dakta King alipoongoza maandamano katika mtaa wa Marquette Park, umati wa Wazungu uliwarushia mawe, na yeye mwenyewe akapigwa jiwe kichwani. Safari hii mamia ya polisi walisimama kati ya umati na waandamanaji, wakapokea mawe na matusi kutoka kwa watu wa rangi yao wenyewe. Katika mwezi mmoja mji uleule uliona jinsi amri isiyopimwa inavyowasha moto, na jinsi askari waliosimama imara wanavyoweza kuokoa maisha ya watu.

Tarehe 26 Agosti Meya na viongozi wa harakati walipatana, ingawa mengi katika mapatano hayo hayakutekelezwa upesi. Tarehe 4 Aprili 1968 Dakta King aliuawa mjini Memphis. Katika maziko yake Bibi Mahalia aliimba wimbo wa Bwana Dorsey ambao marehemu aliupenda. Siku chache baada ya mauaji hayo sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilitiwa saini kwa nchi nzima.

Bibi Mahalia aliendelea kusafiri ingawa moyo wake ulikuwa umechoka. Mwaka 1971 aliimba Japani na India, kisha akaugua akiwa Ujerumani, akarudishwa nyumbani. Alifariki tarehe 27 Januari 1972 karibu na Chicago, akiwa na umri wa miaka 60. Maelfu ya watu walipanga foleni katika kanisa lake la Greater Salem kumwaga. Katika ibada kubwa iliyofuata, Meya Daley na Bibi Coretta King, mjane wa Dakta King, walikuwa miongoni mwa waliofika. Wale waliowahi kuwa pande mbili walikaa chini ya paa moja kwa ajili yake. Kisha mwili ulipelekwa Louisiana, ukazikwa karibu na mji aliozaliwa.

Nyumba ya matofali ya Chatham haikuhamwa na Mahalia kwa sababu ya risasi. Waliohama ni majirani. Naye aliendelea kuishi humo kwa miaka mingi, akifungua mlango kila asubuhi, mahali palepale polisi walipokuwa wakishika zamu.